Picha ya ubongo na kupona baada ya kiharusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siku za mwanzo familia huuliza jambo moja tu: ataishi? Mgonjwa akishatulia, swali hubadilika likawa gumu zaidi: atarudi kuwa yule tunayemjua? Na kwa kuwa pale kwenye skrini kuna picha ya ubongo wake, macho yote huikimbilia picha hiyo kana kwamba jibu limeandikwa ndani yake. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi mara nyingi. Majibu hayalingani urefu, maana kuna mambo yanayojulikana vizuri na kuna yanayobishaniwa hadi leo.

Tumeonyeshwa picha ya ubongo wa mzee wetu, ina doa. Doa hilo linasema kama atatembea tena?

Linasema kiasi, tena mara nyingi kidogo kuliko tunavyotaka. Kwa kuliangalia, daktari anajua ni sehemu gani imekosa damu na kwa hiyo ni kazi gani ziko mashakani: mkono, mguu, usemi, kumeza, kuona upande mmoja. Kisichoonekana ni jinsi sehemu zilizosalimika zitakavyoipokea kazi hiyo. Ndiyo maana watu wawili wenye madoa yanayofanana huweza kuachana baada ya miezi mitatu, mmoja akifunga vifungo vya shati mwenyewe na mwenzake akiwa bado anavishwa.

Kuna mambo mawili ya kujua kabla hujaikazia macho ile skrini. Kwanza, kwa desturi picha hupangwa kana kwamba unamtazama mgonjwa ukiwa umesimama miguuni pake, kwa hiyo kushoto kwa picha ni kulia kwa ubongo. Na ubongo wa kulia ndio unaoongoza mkono wa kushoto. Wengi huchanganyikiwa hapo hata wakadhani wameonyeshwa picha ya mtu mwingine. Pili, rangi hazina maana moja. Kwenye CT, damu iliyovuja karibuni huonekana nyeupe, na sehemu iliyokosa damu huwa na weusi wa kijivu. Kwenye ile namna ya MRI inayotumika sana kwa kiharusi, sehemu iliyokosa damu ndiyo inayong'aa. Kwa hiyo kabla ya kuogopa weupe au weusi, uliza mtambo uliotumika ni upi.

CT na MRI, ipi inatabiri vizuri zaidi?

CT ni eksirei nyingi zinazopigwa kukizunguka kichwa, kisha kompyuta ikaziunganisha kuwa vipande. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo jijini London mwaka 1971, kwa mtambo aliobuni Godfrey Hounsfield. Hadi leo ndiyo picha ya kwanza katika sehemu nyingi, kwa sababu huchukua dakika chache na hujibu swali la haraka kuliko yote: je, damu imevuja ndani ya ubongo? Kama imevuja, dawa ya kuyeyusha donge la damu inaweza kuua badala ya kuokoa.

Kutabiri ni kazi nyingine, na huko MRI ina macho makali zaidi. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na namna yake mojawapo hufuatilia jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu. Seli ikikosa damu, pampu zake husimama, maji huingia na kunaswa humo. Mtambo huuona mnaso huo dakika chache tu baada ya mshipa kuziba, wakati CT ingehitaji saa kadhaa.

Hata hivyo CT ya siku ya kwanza si ya kutupwa. Mwaka 2000 wataalamu wa Calgary, Kanada, walitoa alama iitwayo ASPECTS: eneo linalolishwa na ateri ya kati ya ubongo hugawanywa sehemu 10, na kila sehemu inayoonekana kuharibika huondoa alama moja. Mwenye 10 picha yake haina dosari. Anaposhuka hadi 7 au chini ya hapo, uwezekano wa kubaki akitegemea wengine huongezeka.

CT ya kwanza tuliambiwa haina kitu, na mgonjwa amepooza. Walikosea?

Huenda hawakukosea hata kidogo. Saa za mwanzo tishu iliyokosa damu bado haijabadilika kiasi cha CT kuitambua, na kipimo kilichoitwa "safi" kilikuwa kinasema tu kwamba hakuna damu iliyovuja. Hata MRI haikamati kila kiharusi. Takribani asilimia 7 ya viharusi vya mshipa kuziba huikwepa mwanzoni, hasa vile vya nyuma ya ubongo na kwenye shina lake.

Kuna kichekesho kingine cha CT. Wiki ya pili au ya tatu, doa lililokuwa wazi linaweza kufifia hadi ubongo ukaonekana mzima, kisha likajitokeza tena baadaye likiwa kovu. Anayepigwa picha katika kipindi hicho anaweza kurudi nyumbani akishangilia muujiza ambao haukutokea.

Kwa hiyo doa kubwa ndilo baya, na dogo ni nafuu?

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika, na ningependa tukae hapa kidogo.

Ukubwa una uzito wake, hasa doa linapokuwa kubwa sana, maana ubongo huvimba na uvimbe huo huongezeka kwa siku tatu hadi tano za mwanzo. Lakini kwa mkono na mguu, mahali doa lilipo mara nyingi huamua zaidi ya upana wake. Neva zinazoamrisha misuli huanzia juu, kwenye gamba la ubongo, zikiwa zimetawanyika katika eneo pana. Zinaposhuka hukusanyika kama vijito vinavyoingia korongo moja. Korongo hilo huitwa kapsula ya ndani, na humo amri za uso, za mkono na za mguu hupita zikiwa zimebanana. Kisha hushuka hadi chini ya shina la ubongo, ambapo nyingi, kama tisa katika kila kumi, huvuka kwenda upande wa pili wa mwili.

Sasa fikiria doa lisilozidi milimita 15, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Likikaa mbele ya ubongo upande wa kulia, huenda mgonjwa asijue kamwe kwamba analo. Doa hilohilo likikaa kwenye korongo lile, upande mzima wa mwili hulala. Na mishipa inayolisha korongo hilo ni myembamba sana, ya aina ambayo shinikizo la damu la miaka mingi huiharibu kwanza. Kwa hiyo ukisikia "ni kiharusi kidogo tu" kutoka kwa mtu aliyeangalia picha pekee, muulize: kidogo kwa kipimo cha nini?

Mambo mengine ya akili nayo yana vituo vyake. Mwaka 2021 watafiti waliunganisha picha za wagonjwa 2,950 kutoka makundi 12 ili kuona ni wapi doa likiangukia huacha matatizo ya kumbukumbu na kufikiri. Maeneo yaliyojitokeza zaidi ni sehemu za mbele na pembeni za ubongo wa kushoto, thalamasi ya kushoto (kituo kilicho ndani kabisa ya ubongo), na eneo la juu nyuma la ubongo wa kulia. Familia iliyokazia macho mkono uliolegea huweza kupitwa na hayo kabisa, mpaka mgonjwa arudi nyumbani ashindwe kuhesabu chenji.

Njia hiyo ya neva inaweza kuonekana kwenye picha?

Inaweza, kwa MRI. Maji yaliyo ndani ya nyuzi za neva hupenda kutiririka kwa urefu wa nyuzi kuliko kuzikata kwa upana, kama maji yanavyofuata mfereji. Mtambo hupima mwelekeo huo na kompyuta huchora njia nzima, mara nyingi kwa rangi za kupendeza. Nyuzi zikikatika, mwelekeo hupotea, na wataalamu hulinganisha njia ya upande mgonjwa na ya upande mzima. Namna nyingine ni kuchukua ramani ya njia hiyo kutoka kwa watu wenye afya, kuilaza juu ya picha ya mgonjwa, kisha kukokotoa ni sehemu gani ya njia imemezwa na doa.

Vipimo hivi viwili vimeonyesha katika tafiti nyingi kwamba kadiri njia inavyoharibika ndivyo mkono unavyochelewa kurudi. Tahadhari yangu ni kuhusu zile rangi. Mchoro wa nyuzi ni hesabu iliyopakwa rangi. Usiuchukulie kama picha ya neva zenyewe, na usimkatie mtu tamaa kwa sababu mstari wa buluu ulionekana mwembamba.

Ipo kanuni iliyopimwa ya kutabiri kama mkono utarudi?

Ipo, na hadithi yake inafundisha zaidi ya kanuni yenyewe.

Huko Auckland, New Zealand, Cathy Stinear na wenzake walichapisha mwaka 2012 utaratibu walioupa jina PREP. Ulikuwa na hatua tatu: kumpima mgonjwa kitandani, kumpima kwa kichocheo cha sumaku, na mwisho MRI. Mwaka 2017 wakaupitia upya kwa kuangalia ni hatua zipi zinazoongeza usahihi kweli. MRI ikaondolewa. Vipimo vya kitandani, kichocheo cha sumaku, umri na ukali wa kiharusi vilikuwa vinatosha bila hiyo.

Utaratibu mpya, PREP2, unakwenda hivi. Siku ya tatu mgonjwa huombwa kufanya mambo mawili kwa mkono ulioathirika: kuunyanyua kwa kuupeleka nje kutoka begani, na kunyoosha vidole. Kila tendo hupewa alama 0 hadi 5 kwa nguvu zake, jumla 10. Akipata 5 au zaidi na akiwa chini ya miaka 80, hutarajiwa kurudisha karibu matumizi yote ya mkono ndani ya miezi mitatu. Mwenye miaka 80 na kuendelea huhitaji alama 8 ili kuwekwa kundi hilo, la sivyo hutarajiwa matokeo mazuri lakini si kamili.

Akipata chini ya 5, ndipo kichocheo cha sumaku kinahitajika. Koili hushikwa juu ya kichwa, hutoa mpigo mfupi wa sumaku, na mtaalamu huangalia kama misuli ya mkono inaitika. Ikiitika, hata kwa mgonjwa asiyeweza kusogeza kidole, njia bado ipo na matarajio ni mazuri. Isipoitika, huangaliwa ukali wa kiharusi kwa alama ya NIHSS, inayoanzia 0 hadi 42. Chini ya 7, mkono hutarajiwa kufanya kazi kwa kiasi. Kuanzia 7, matarajio ni madogo.

Utabiri huo ulikuwa sahihi kwa wagonjwa kama 75 katika kila 100 baada ya miezi mitatu, na ulipofuatiliwa miaka miwili baadaye ulisimama kwa takribani 80 katika 100. Na wataalamu wa tiba ya viungo walipopewa utabiri mapema, wagonjwa walikaa hospitalini karibu wiki moja pungufu bila kupona kwao kuathirika, kwa sababu mazoezi yalilenga jambo moja tangu utabiri ulipotolewa.

Utafiti wa Uholanzi ulikuwa umeelekea kulekule mapema zaidi, mwaka 2010. Aliyeweza kunyoosha vidole kidogo na kusogeza bega ndani ya saa 72 alikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha ufundi fulani wa mkono baada ya miezi sita. Asiyeweza hata kimoja alikuwa na asilimia 25. Jicho, mkono na siku tatu za subira, basi. Siupuuzi mtambo wa mabilioni, lakini kuna siku vidole vya mgonjwa husema mapema kuliko mtambo.

Na kutembea je?

Mguu una bahati kuliko mkono, maana kutembea hakudai ufundi wa vidole na ubongo una njia zaidi ya moja za kuendesha kiwiliwili. Katika utafiti uleule wa Uholanzi, aliyeweza kuketi bila kuegemea na kusogeza mguu dhaifu ndani ya saa 72 alikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kutembea mwenyewe baada ya miezi sita. Asiyeweza vyote viwili, asilimia 27. Picha haikuhusika hapo.

Mama amepoteza kauli. Picha inaweza kusema kama atazungumza tena?

Kwenye usemi picha ina thamani kubwa zaidi, kwa sababu hakuna kipimo chepesi cha kitandani kinachochukua nafasi yake.

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1861, jijini Paris, Paul Broca alimchunguza mgonjwa Leborgne ambaye kwa miaka mingi neno lake lilikuwa moja, "tan". Alipofariki, Broca alionyesha kwamba ubongo wake wa kushoto ulikuwa umeharibika upande wa mbele, na eneo hilo likaitwa kwa jina lake. Broca hakuukata ubongo ule, aliuhifadhi. Mwaka 2007 watafiti wakaupiga MRI, wakakuta uharibifu ulikuwa umezama ndani sana, hadi kwenye nyuzi zinazounganisha sehemu za usemi. Alichokiona Broca kwa nje kilikuwa mlango tu wa shimo refu.

Leo, jijini London, mradi uitwao PLORAS ulioanzishwa na Cathy Price umekusanya picha za ubongo na vipimo vya usemi vya watu wengi waliopata kiharusi, wengine wakiwa na miaka mingi tangu kiwapate. Mgonjwa mpya anapokuja, hutafutwa waliomtangulia wenye madoa yanayofanana na lake, na huangaliwa usemi wao ulibadilikaje mwezi hadi mwezi. Napenda utaratibu huo kwa sababu hautoi hukumu. Unasema: wenzako waliofanana nawe, hivi ndivyo walivyokwenda, huyu haraka, yule polepole, yule akakwama.

Na usemi huendelea kurudi kwa muda mrefu. Mtu aliyeambiwa baada ya miezi mitatu kwamba "kilichobaki ndicho hicho" hakuambiwa kweli.

Nimesoma kwamba kila mgonjwa hurudisha asilimia 70 ya alichopoteza. Ni kweli?

Kanuni hiyo ilianza kuzungumzwa mwaka 2008 na ikapendwa haraka. Ilidai kwamba wagonjwa wengi hurudisha takribani asilimia 70 ya uwezo waliopoteza, na wachache, hasa walioharibika njia ya mwendo, hawaifuati. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kasoro yake ya kihesabu. Kipimo cha mkono kinachotumika sana kina kilele cha alama 66. Aliyeanza na 60 hawezi kupanda zaidi ya 6, hata akipona kabisa. Ukilinganisha alipoanzia na alichoongeza, lazima uone uhusiano mzuri, hata kama ungetumia namba za kubuni. Kwa hiyo kupona kupo, lakini ile asilimia 70 iliyonyooka isikupe ahadi.

Kuna picha inayoonyesha ubongo ukifanya kazi. Haiwezi kutabiri vizuri zaidi?

Hiyo ni MRI inayofuatilia damu yenye oksijeni, kwa njia iliyoelezwa na Seiji Ogawa mwaka 1990. Mgonjwa akiwa ndani ya mtambo huambiwa akunje vidole au ataje majina ya vitu, na sehemu za ubongo zinazofanya kazi hujitokeza.

Imetufundisha mengi. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2006 uliwapiga picha watu waliopoteza usemi mara tatu katika mwaka mmoja. Siku za kwanza ubongo wa kushoto ulikuwa karibu kimya. Wiki mbili baadaye upande wa kulia ukaamka na kusaidia. Mwishowe, kwa waliopona vizuri, kazi ilirudi nyumbani, upande wa kushoto. Ni kama jirani anayekulelea watoto wakati wa msiba, kisha anaondoka.

Kwa kumtabiria mgonjwa mmoja mmoja, hata hivyo, bado haijafika. Inamtaka mtu alale kimya na afuate maelekezo, jambo ambalo aliyeathirika sana ndiye asiyeliweza.

Kiharusi cha kuvuja damu nacho hutabiriwa kwa picha?

Ndiyo, na kwa uangalifu mkubwa. Ujazo wa damu hukadiriwa kwenye CT kwa hesabu ya kalamu: urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa mbili. Mililita 30 ni mpaka muhimu. Alama iliyotolewa mwaka 2001 hujumlisha ujazo huo na umri, kiwango cha fahamu, kama damu imeingia kwenye vyumba vya maji ya ubongo, na kama imevujia sehemu ya chini ya ubongo.

Hatari yake ni utabiri unaojitimiza wenyewe. Daktari anaona picha mbaya, familia inakata tamaa, mashine zinazimwa, mgonjwa anafariki, na takwimu zinasema: tazama, wenye picha kama hii hufa. Ndiyo maana miongozo ya Marekani inashauri kwamba uamuzi mpya wa kutomfufua mgonjwa moyo wake ukisimama ucheleweshwe angalau hadi siku kamili ya pili hospitalini. Mkishinikizwa kuamua usiku uleule wa kwanza, mna haki ya kuomba subira.

Zile picha za dharura zenye rangi nyekundu na kijani ni za kutabiri?

Hapana, hizo ni za kuokoa. Huonyesha sehemu iliyokwisha kufa na ile iliyoizunguka, ambayo ina njaa ya damu lakini bado inaokoleka. Mshipa mkubwa ukiziba na usifunguliwe, ubongo hupoteza wastani wa seli za neva milioni 1.9 kila dakika, lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa kati ya watu. Tafiti za DAWN na DEFUSE 3, zilizochapishwa 2018, zilionyesha kwamba wenye eneo kubwa linalookoleka hufaidika na kuvutwa donge kwa mrija hata wakichelewa: hadi saa 16 tangu kiharusi kianze katika utafiti mmoja, hadi 24 katika mwingine.

Lakini zina athari kwa utabiri: picha iliyopigwa kabla ya donge kuvutwa haifai kumtabiria mtu baada ya mshipa kufunguliwa. Omba ile iliyopigwa siku inayofuata.

Hali ya ubongo kabla ya kiharusi ina maana?

Ina maana kubwa, na mara nyingi hakuna anayeitaja kwa familia. Picha huonyesha pia makovu ya zamani, ubongo uliosinyaa, na mabaka kwenye tishu nyeupe yanayoachwa na shinikizo la damu, kisukari na umri. Ubongo uliokwisha kuchoka una akiba ndogo ya kuhamishia kazi. Watu wawili wa miaka 65 wanaweza kuwa na akiba tofauti kabisa, na hiyo huonekana hata kwenye CT ya kawaida, mradi kuna anayeitafuta.

Akili mnemba haiwezi kumaliza ubishi huu?

Inasaidia tayari kuchora mipaka ya doa na kupima ujazo wake haraka kuliko jicho. Kwenye kutabiri inajikwaa pale inapofundishwa. Picha za tafiti hutoka zaidi kwa waliopona kiasi cha kuweza kushiriki, kwa hiyo mashine huwajua vizuri wenye hali nafuu. Tena mtambo wa hospitali moja hautoi picha sawasawa na wa nyingine. Ukiambiwa programu fulani ina usahihi wa ajabu, uliza ilijaribiwa kwa wagonjwa gani. Kama ni walewale iliojifunzia, huo ni mtihani wenye majibu mezani.

Turudie picha kila baada ya miezi michache ili tuone maendeleo?

Kwa kawaida hakuna haja. Kovu halifutiki, hata kwa aliyerudi kazini. Maendeleo pimeni kwa anachoweza kufanya. Picha mpya ina sababu yake hali ikibadilika ghafla: udhaifu mpya, degedege, usingizi usio wa kawaida, kichwa kuuma vibaya.

Mitambo hii ni salama?

CT hutumia mionzi, lakini kwenye kiharusi faida yake huizidi hatari. MRI haina mionzi; hatari yake ni sumaku, kwa hiyo taja mapema kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, vipande vya chuma mwilini au klipu kwenye mishipa ya ubongo. Ina kelele nyingi na nafasi yake ni finyu. Aliyepoteza usemi hawezi kueleza hofu yake humo ndani, basi akubaliane kwanza na mhudumu kuhusu ishara ya mkono.

Hospitali yetu haina MRI. Tumekosa nini?

Kwa mkono na mguu, mmekosa kidogo sana, kama mlivyoona hapo juu. Kwa usemi na akili, mmekosa undani fulani. CT, vipimo vya kitandani vya siku ya tatu, na mtaalamu anayerudia kupima kila wiki hutoa picha nzuri ya safari iliyo mbele. Msiuze mali kwa ajili ya picha ya kutabiri tu, ambayo haitabadilisha matibabu. Fedha hiyo itafanya kazi zaidi kwenye mazoezi.

Tumeambiwa mkono hautarudi. Tuache mazoezi?

Msiache, badilisheni lengo. Mkono usiofanya kazi bado unahitaji kunyooshwa kila siku ili vidole visikakamae na ngozi ya kiganja isioze. Bega linahitaji kuegemezwa vizuri, na mgonjwa asivutwe kwa mkono huo wakati wa kumnyanyua, maana maumivu ya bega huharibu usingizi na hamu ya mazoezi yote mengine. Mkono wa upande usioathirika nao ufundishwe kazi za mikono yote miwili: kupiga mswaki, kuvaa, kuandika.

Na kumbukeni kwamba katika kila wagonjwa 100 waliotabiriwa kwa utaratibu ule bora wa Auckland, kama 25 utabiri wao haukutimia, wengine kwa kuzidi na wengine kwa kupungua. Mwambieni mtaalamu arudie kumpima mwezi wa kwanza na wa tatu. Kidole kikianza kunyooka, mpigieni simu hata kabla ya tarehe hiyo.